Kadi Mpya kwa Bei ya Miti Michanga

Niliichukia kadi ile kabla sijaiona kwa macho. Niliichukia ikiwa bado picha kwenye simu ya kaka yangu, asubuhi ya ukungu, tukiwa jikoni kwa mama hapa Mjimwema, Njombe. Kaka alikuwa akiikuza na kuizungusha kwa vidole viwili, mbele ya uso wa mama, kama mtu anayemtambulisha mchumba. Ilikuwa nyeusi, ina feni mbili, na ubavuni ina maandishi ya rangi ya fedha.

"Hii ndiyo inayotutoa," alisema.

"Inatutoa wapi?" nikauliza.

"Mama, mwambie mwanao anyamaze nimalize."

Kaka yangu ana studio ya video. Ni chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye pazia la kijani ukutani na kiti cha plastiki cha mteja. Humo amekata na kuunga harusi, mazishi, kwaya na kipaimara za nusu ya mji. Mashine yake aliinunua ikiwa imeshachoka. Ilitoka kwenye ofisi fulani Dar es Salaam, kasha jembamba la kuwekea juu ya meza, na ikipewa video ndefu ilihema kama mzee anayepanda kilima na gunia. Akianza kurenda harusi moja asubuhi, yaani kuitoa ikiwa kamili, alikuwa akifunga chumba jioni haijaisha.

Ng'ambo ya barabara kijana mwingine alifungua studio. Mashine yake ilikuwa na kioo ubavuni na taa zinazobadilika rangi. Wateja walianza kuvuka barabara. Halafu wazee wa usharika wakatangaza kwamba safari hii wanataka mtu mmoja tu wa kurekodi kipaimara: watoto wengi, kila mtoto na familia yake, kila familia na video yake, na zote zitoke haraka. Atakayeipata kazi ile angekuwa amepata mwaka mzima. Atakayeikosa, kwa jinsi kaka alivyoliona jambo, angefunga mlango.

Kadi ya picha ni kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kibebe mzigo wa picha zinazotembea. Ile aliyoitaka ilikuwa imetoka karibuni, ya daraja la kati. Si ya matajiri, walisema wanaoiuza, wala si ya maskini. Kwetu ilikuwa ya matajiri. Ndiyo maana alitaka kuuza miti.

Baba alituachia shamba la paina. Aliipanda mimi nikiwa sekondari, akiushika kila mche shingoni kwa vidole viwili, akiukanyagia udongo kwa kisigino. Alipolazwa hospitali ya Ikonda, tulipokwenda kumtazama, aliuliza habari za miti kabla ya kuuliza habari zetu. Sasa imenyooka, imefunga kivuli, na upepo ukipita juu yake inatoa sauti ambayo nimejaribu kuiandika mara nyingi nikashindwa. Lakini bado ni michanga. Paina ya umri ule ukiikata unapata nguzo nyembamba. Ukiiacha inenepe, mti uleule unapasuliwa mbao za kuezekea. Kila mtu Njombe anaijua hesabu hii, na wengi wanaikosea kwa makusudi, kwa kuwa shida haisubiri mti unenepe. Wanunuzi wanalijua hilo. Wanakuja mapema, na fedha mkononi.

Mama alikuwa ameshatoa neno lake. Miti ni ya baba yenu, alisema, na nyinyi ndio wawili aliowaacha. Mkikubaliana wawili, nami nimekubali. Mmoja akikataa, haikatwi.

Kwa hiyo kaka alikuwa ananihitaji. Hakunisamehe kwa hilo.

"Kuna moto," alisema asubuhi ile. "Kila kiangazi tunaona moshi. Mtu anachoma majani kwenye shamba lake, upepo unageuka, jioni huna mti wala kijiti. Kadi haiungui."

"Kadi inazeeka."

"Kadi inafanya kazi. Miti imesimama tu."

"Miti inafanya kazi ikiwa imesimama."

"Andika hilo kwenye kitabu," alisema. "Ukipata wa kulinunua, ulete sukari humu ndani."

Nilimwambia kwamba angalau mimi siuzi kaburi la baba kwa ajili ya feni mbili. Akaniambia mimi nakula kwa mikono yake na kumtukana kwa mdomo uleule. Mama, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha Kiswahili akatumia Kibena, lugha ambayo nyumbani kwetu haina mjadala.

Siku zilizofuata nilimaliza bando langu mtandaoni nikiichunguza kadi ile. Niliwatazama wapimaji, vijana wanaopiga kelele mbele ya grafu, nikawasoma na wale wanaoandika. Nilisoma kama ninavyosoma riwaya mbaya: nikitafuta ukurasa ambapo mwandishi anaanza kudanganya. Nikaupata. Kila mahali iliandikwa kwamba kadi mpya ina kasi maradufu ya ile ya mwaka uliopita. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilielezwa kasi hiyo inatoka wapi. Video ni picha zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Kadi hii huchukua picha mbili za kweli na kubuni nyingine katikati, ile inayodhani ingekuwepo. Halafu zote zinahesabiwa pamoja, za kweli na za kubuni, na jumla yake ndiyo inaitwa kasi. Ukizima huo ubunifu, ya mwaka huu na ya mwaka jana zilikuwa karibu sawa.

Nilikasirika kuliko ilivyostahili kukasirikia kipande cha chuma. Kubuni ndiyo kazi yangu. Nakaa kati ya mambo mawili yaliyotokea na kulitunga la tatu, na naweza kukaa hapo wiki nzima kwa ajili ya sentensi moja. Lakini sijapata kumwambia msomaji kwamba hiyo ni kasi.

Nilimwonyesha kaka. Alitazama kidogo, akanirudishia simu.

"Hao wanapima michezo ya magari. Mimi napima harusi."

"Basi tukapime harusi," nikasema. "Twende Makambako kwa huyo muuzaji wako. Tubebe mashine yetu na harusi yetu. Akituonyesha kwa macho kwamba inafaa, nakubali miti ikatwe."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

Akampigia simu mnunuzi wa miti palepale, mbele yangu, akamwambia awe tayari na watu wake.

Tuliifunga mashine kwenye kitenge cha mama, tukaibeba mapajani kwa zamu ndani ya basi mpaka Makambako. Upepo wa Makambako hukupiga kabla mtu hajakusalimu. Malori ya Zambia yalikuwa yamepangana kando ya barabara, na vumbi lilikuwa linatembea kama lina shughuli mjini. Duka lilikuwa nyuma ya stendi. Muuzaji alikuwa mwanamume mwenye koti zito na sauti ya mnada.

"Karibu, bosi! Karibu, sista! Mmemleta mgonjwa?"

"Tumemleta awekwe moyo mpya," alisema kaka, na alicheka, kicheko chake cha kwanza siku hiyo. Hakikuwa kwa ajili yangu.

Muuzaji alifungua kasha letu, akachungulia, akapuliza. Vumbi la harusi zetu zote likapaa.

"Bosi, hii si mashine ya video. Hii ni ya kuandikia barua ya kuomba ruhusa."

Alitoa kadi kwenye boksi lake. Nakiri ilikuwa nzuri. Ilikuwa na uzito na ubaridi wa kitu kilichotengenezwa na watu wasioharakishwa. Aliiteremsha ndani ya kasha, ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Ilizidi kasha kwa urefu wa kidole.

"Hili dogo," alisema. "Hapo nyuma yupo fundi wa mageti. Tunakata kipande hiki cha bati, inaingia."

"Mnaikata kompyuta kwa msumeno wa geti?" nikauliza.

"Sista, kwani wewe ndiye mwenye hela?"

"Mimi ni nusu ya hela."

"Haya, nusu, tulia basi, nusu nyingine inaelewa."

Kaka hakunitetea. Muuzaji akaendelea kuchungulia, na kila alipochungulia alipata jambo. Pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya mashine, ilikuwa ndogo, ingehitajika nyingine. Mazabodi, bamba linalobeba vipande vyote, ilikuwa ya zamani. Ingeibana kadi isifanye nusu ya kazi yake. Na kama tunabadili mazabodi, basi na prosesa, ubongo wa mashine. Na kama tunabadili hayo yote, kwa nini tukate bati, si tuchukue kasha jipya? Nilimsikiliza nikaona kwamba kadi hii, mchumba wa kaka, hakuwa na mpango wa kuja peke yake. Alikuwa anakuja na wajomba, mashangazi na mizigo yao, na wote wangekula kwetu.

"Hayo utaniambia baadaye," alisema kaka. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka. "Nionyeshe kwanza inavyofanya kazi. Kwenye mashine yako."

Muuzaji alituonyesha gari likikimbia katika mji wenye mvua. Taa za mji ziling'aa kwenye lami iliyolowa. Kaka alisogea karibu na kioo.

"Hatupigi picha za magari," nikasema. "Weka flashi yetu, ina harusi."

"Huyu ni mkeo, bosi?"

"Mdogo wangu."

"Pole."

Walicheka wote wawili, sasa kweli kama watu wa ukoo mmoja, na flashi ikawekwa.

Ilikuwa harusi ya familia moja ya jirani, sehemu ya zawadi. Kwetu hii ndiyo harusi yenyewe. Baridi yetu si ya kusimuliwa, na blanketi ni zawadi ya heshima. Mtoaji halileti likiwa limefungwa kwenye karatasi. Analikunjua, anaingia nalo akicheza, analipeperusha ili upana wake uonekane na uzito wake uonekane, kisha anawafunika maharusi nalo mabegani. Nyuma yake anasubiri mwingine na lake. Watu hawaitazami video ya harusi kwa ajili ya maharusi. Wanaiweka nyumbani kama ushahidi. Ukipata mwaliko kwa mtu, unaiwasha kwanza kutazama yeye alikuletea nini, ndipo uende dukani. Kaka anajua. Aliwahi kumfupisha shangazi mmoja ili video ipendeze, na yule mama alisimama mlangoni pa studio asubuhi nzima akiwatangazia wapita njia kwamba mle ndani wanaiba mablanketi.

Muuzaji aliwasha ule ubunifu. "Sasa tazameni. Tunapunguza mwendo. Mtamu kama maziwa."

Mama mmoja mnene alikuwa anaingia na blanketi la zambarau. Kwenye mashine yetu mwendo wa polepole ulikuwa ukikwamakwama. Hapa mama yule alielea. Mikunjo ya blanketi ilipanda na kushuka kama ukungu unavyopanda bondeni, na uso wake, katikati ya kigelegele, ulifunguka taratibu hadi nami nikasogea karibu na kioo. Kaka alinigeukia.

Kisha yule mama akageuka.

Alipogeuka, pindo la blanketi lilipita mbele ya mkono wake, na pale palipopita pakayeyuka. Zambarau iliingia kwenye kiwiko. Vidole vikawa vingi, vikaungana, vikawa vichache. Blanketi likanyauka mpaka likawa kama leso, likatoweka, na kwa kitambo mama yule akawa anacheza mikono mitupu mbele ya ukoo mzima. Halafu likarudi, zima, mabegani mwa bibi harusi.

"Simamisha," alisema kaka.

Muuzaji alisimamisha.

"Rudisha. Hapo. Blanketi liko wapi?"

"Si hilo hapo, bosi. Linarudi."

"Linarudi kutoka wapi?"

"Ni kadi inabuni za katikati. Jicho la mtu halioni."

"Jicho la nani?" Kaka alikuwa ameinuka. "Wewe umeoa wapi? Mashangazi wanasimamisha video hapo hapo! Wanaisogelea runinga mpaka pua inagusa! Nitawaambia blanketi lilikwenda wapi, Zambia?"

"Basi zima hiyo. Ukiizima hakuna shida."

"Zima."

Ikazimwa. Tukairenda harusi kwa kadi mpya ikiwa tupu, bila kubuni. Ilikwenda vizuri, siwezi kuidhulumu. Kisha nikanyoosha kidole kwenye rafu, palipokuwa na kadi ya mwaka jana imekaa kama mke mkubwa, nikasema tuipime na hiyo. Muuzaji aliniangalia kwa chuki ya wazi, lakini kaka alisema aiweke, akaiweka. Katika tofauti ya muda kati ya ile na hii ningeweza kufunga kamba za viatu. Si zaidi.

Kaka alisimama katikati ya duka akiwa amekumbatia kasha letu kwenye kitenge. Niliona anafanya hesabu, na niliiona hesabu ikimkatalia. Hata ya mwaka jana isingeingia humo. Hata hiyo ilikuja na wajomba wake. Kadi yoyote, mpya au ya mwaka jana, ingekula shamba lote la miti, na hiyo mpya iliizidi ya mwaka jana kwa uongo mzuri tu.

"Sasa bosi, tunafungaje?" aliuliza muuzaji.

"Hatufungi."

"Mnanipotezea asubuhi nzima, nyinyi watu wa Njombe! Mnakuja na mashine ya barua mmefunga kitenge kama mtoto!" Alituma maneno mengine nyuma yetu, na upepo ukayachukua kabla hayajafika.

Nje, kati ya lori na lori, kaka aliliweka kasha chini.

"Umefurahi," alisema.

"Sijafurahi. Nilitaka uone."

"Nimeona. Nimeona blanketi limepotea. Sasa nikuulize wewe unayeona kila kitu. Umewahi kukaa kwenye kiti kile ukamwona mtu aliyekualika kwao anavuka barabara kumfuata mwingine, anajifanya hakujui?"

Sikuwa nimewahi.

"Basi usiniambie habari za kuona."

Nilikuwa na majibu. Yalikuwa mazuri, yana mizani. Lori liliwasha injini nikayameza pamoja na moshi wake, na mpaka leo nayaona ni ya kweli.

Mnunuzi wa miti alifika kesho yake asubuhi, na watu wake na mashine ya kukatia ikiwa imejazwa mafuta. Tulikuwa tumemtangulia shambani, mama, kaka na mimi. Umande ulikuwa unadondoka kwenye paina kama mvua inayosita.

"Kamwene," mama alimsalimu.

"Kamwene, mama. Haya, tunaanzia upande gani?"

Nilisubiri kaka aninyooshee kidole. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata nimechagua mahali pa kusimama. Kaka aliweka mikono mfukoni.

"Haikatwi," alisema.

"Unasemaje?"

"Miti haiuzwi. Samahani kwa usumbufu."

"Jana unanipigia simu niandae watu, leo samahani? Nani kabadilisha?"

"Mimi."

"Wewe mwanamume kweli? Au kuna mtu nyuma anakuendesha?" Alinitazama mimi aliposema hivyo.

"Nimesema ni mimi," alirudia kaka.

Mnunuzi alitema mate chini, akasema moto ukipita tusimpigie simu, akaondoka na watu wake. Mama alishika shina la mti uliokuwa karibu, akalipapasa gome kama anatafuta homa. Nilitaka kumshukuru kaka. Nilipofungua mdomo alisema, bila kunitazama, "Usithubutu," akateremka kilima peke yake.

Kazi ya kipaimara alipewa yule kijana wa ng'ambo. Miezi michache baadaye kadi ile ilishuka bei, kukatangazwa nyingine, nayo ikiahidi maradufu. Nilimtumia kaka tangazo hilo kwenye simu. Alilisoma, niliona alama kwamba amelisoma.

Siku ya kipaimara nilikwenda kanisani kwa sababu ya mtoto wa jirani. Uwanja ulijaa nguo nyeupe na wazazi wanaosukumana kutafuta mahali pa kupigia picha. Yule kijana alikuwa juu ya ngazi za kanisa, akitoa amri kwa mkono. Kazi ilikuwa kubwa kuliko mtu mmoja, kwa hiyo alikuwa ameajiri wa kumsaidia. Chini yake, ameshika kamera ya pili, amevaa fulana yenye jina la studio ya ng'ambo ya barabara, alikuwa kaka yangu.

Sijabadili mawazo. Mtu akiniuliza leo kama kadi ile ilistahili kununuliwa, nitamjibu haikustahili, nami nitampa sababu zote mpaka achoke. Miti ipo. Nimekwenda kuishika.

Familia moja ilipanga mstari mbele ya kamera. Kaka alipiga goti ili awapate vizuri wadogo waliokuwa mbele.

"Mzee, sogea kushoto, unaziba," kijana alimwambia kutoka juu.

Kaka yangu aliinuka, akakung'uta goti, akasogea kushoto.